Mkate wa Upande Mmoja

Jirani yetu anachoma matofali wiki hii. Amebomoa kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, ameukanda udongo, ameuanika, na sasa tanuru lake linafuka moshi mchana kutwa. Harufu inaingia dirishani kwangu bila kubisha hodi. Ni harufu ya udongo mwekundu unapokolea moto, kavu, yenye utamu kidogo kwa mbali, kama sufuria iliyosahauliwa juu ya makaa. Watu wengine wakisikia harufu hiyo huwaza nyumba. Mimi mdomo wangu hujaa mate, kwa sababu nawaza mkate.

Niwaambie ukweli mapema ili tusije tukachokana baadaye: aya hiyo ya kwanza nimeiandika na kuifuta mara nyingi mno. Shuleni sikukaa. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa kuchungulia vitabu vya kaka yangu nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake, na mtu aliyejifunza kwa kuchungulia huishi na hofu kwamba upo ukurasa aliouruka. Kwa hiyo nafuta. Nakagua. Naamka kitandani kwenda kuangalia kama koma imekaa pale nilipoiacha. Tabia hii sikuianza kwenye kalamu. Niliianza kwenye ufagio, nikiwa mtoto, na ndiyo iliyonipa jina ambalo kaka yangu Ilunga ananiita mpaka leo mbele ya wageni.

Tulikuwa tukiishi Makomeno, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, siku zile ambazo mji wetu uliandikwa Elisabethville kwenye vibao. Baba alikuwa ametoka Kasai akiwa kijana, akapata kazi ya breki kwenye gari moshi la mizigo. Wakati huo breki za mabehewa zilifungwa kwa mkono, na lazima awepo mtu anayesafiri nazo. Baba alisafiri nazo. Aliondoka akielekea Mokambo, mpakani, akarudi baada ya siku kadhaa akiwa na masizi masikioni na sauti iliyokauka. Mama alikuwa mtu wa hapahapa, binti wa Kasungami, na alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka nyumba ya nne.

Kila Baba alipokuwa nyumbani, chakula cha jioni kilikuwa na sheria yake. Bukari, ugali wetu, ilikuwa imekwisha kuwekwa katikati, inatoa mvuke, mboga ya majani ya mihogo iko kando, mikono yetu imenawishwa na inadondosha maji, na bado hapakuwa na mtu wa kugusa kitu. Baba alishika kijiko cha kutekea mboga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu. Halafu alituuliza mmoja baada ya mwingine swali lilelile: leo ni kitu gani kimekuendea vizuri? Ukijibu, aliigonga sahani kwa kijiko, ngi!, kama kengele ya stesheni, na kutangaza kwa sauti ya mkuu wa stesheni:

“Gari imefika!”

Hapo ndipo ulipohesabika kuwa umefika nyumbani.

Na mambo waliyoyasema yalikuwa madogo hata nilikuwa naona aibu kwa niaba yao. Mama alisema, “Leo makaa ilishika na kiberiti kimoja tu.” Ngi! Gari imefika. Ilunga alisema, “Leo mwalimu aliita majina ya bote benye kuchelewa, yangu akaisahau.” Baba alijaribu kukunja uso, akashindwa, akagonga. Na Baba mwenyewe, akitoka safari ndefu, alisema labda, “Kule Mokambo walinipa kikombe cha chai, na haikumwagika mpaka mwisho.” Alijigongea kengele yake mwenyewe, akafumba macho kidogo kana kwamba anainywa tena ile chai.

Kisha walinigeukia mimi, nami nikasema, “Bado.”

Nilisema hivyo kila mara. Msidhani nilikuwa mtoto wa huzuni. Nilikuwa mtoto wa kungoja. Nilitaka nikisema kitu, kiwe kizima, kisicho na ufa. Nilifagia uwanja wetu kila asubuhi, na nilijua kuufagia: ufagio wangu uliacha mistari iliyopinda kama mapezi ya samaki, mmoja unaushika mwingine, kutoka mlangoni mpaka njiani. Halafu kuku wa jirani alikatiza katikati. Alikatiza polepole, tena akasimama na kujikuna. Sasa ningemwambia Baba nini? Kwamba nilifagia uwanja wenye kuku? Siku nyingine nilisuka nywele za mdogo wa rafiki yangu, zikatoka nzuri, ila njia moja ilienda kombo nyuma ya sikio la kushoto. Hakuna aliyeiona. Mimi niliiona. Basi bado.

Ilunga ndiye aliyeligeuza kuwa jina. Aliniita Mamuzele Bado, kama alivyoitwa yule binti wa Kizungu aliyekuwa akipita na baiskeli karibu na kambi, aliyevaa glavu hata kwenye jua. “Mamuzele Bado, leta maji.” “Mamuzele Bado, viatu yako iko chini ya kitanda, ama nayo iko bado?” Nililia mara ya kwanza. Baadaye nilianza kuitika, na hilo ndilo lilikuwa kosa.

Mwaka ninaouzungumzia, mwezi wa sita uliingia na baridi kali. Wale wasioijua Katanga hudhani kwetu ni joto tu. Waje mwezi wa sita alfajiri. Nyasi zinakuwa nyeupe na kuvunjika chini ya mguu, maji ya kwenye ndoo yanauma vidole, na upepo unaotoka mashambani hauzungukii nyumba, unapita katikati yake. Jioni moja ya baridi hiyo Baba alirudi safarini, akafungua koti lake, akatoa mfuko mdogo wa kitambaa uliofungwa kwa uzi.

“Mama,” akaniambia. Nilipewa jina la mama yake, Kapinga, kwa hiyo aliniita mama, na nilikuwa na haki ya kumwita mtoto nikitaka kumchokoza. “Mama, hii unga ya ngano njo yako. Nimeitoa kwa mutu mumoja wa ngambo. Peleka kwa Nkambo, mupike mukate mu kichuguu yake. Siku ya posho mi nitarudia. Nitakula mukate ya mukono yako.”

Siku ya posho kwetu ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kambi iligawa chakula cha wiki. Mfuko niliupokea kwa mikono miwili. Unga wa ngano haukuwa kitu cha kila siku nyumbani kwetu. Mkate tuliununua kipande kwa kipande, na ule ulikuwa mkate wa dukani, mwepesi kama pamba, unaoisha kabla hujaujua. Huu ungekuwa wangu. Nikaona, palepale, kile nilichokuwa nikikingoja: mkate wa duara, wa rangi moja pande zote, unaong'aa. Na kwa sababu moyo ulikuwa umejaa, neno likanitoka:

“Siku ya posho sitasema bado.”

Ilunga aliacha kutafuna. “Mumesikia bote? Amesema! Na kama mukate inaharibika?”

“Haitaharibika.”

“Basi ikiharibika, utaitikia Mamuzele Bado mpaka kwa ndoa yako. Padri atauliza, unamupenda huyu bwana? Utasema, bado.”

Mama alicheka mpaka nyumba ya nne. Mimi sikucheka. Unga ulikuwa mmoja, safari ya Baba ilikuwa moja, na neno nilikuwa nimelitoa mbele ya sahani.

Nkambo, mama yake Mama, aliishi Kasungami, mwendo wa nusu asubuhi kwa miguu kutoka kwetu. Alikuwa mdogo kwa umbo, mwenye meno machache na kiko kisichozimika, na kama mabibi wote wa kwao alikuwa na haki ya kumwita mjukuu wake wa kiume bwana yake. Ilunga alikuwa “bwana yangu”, na mimi, kwa mantiki hiyo hiyo, nilikuwa mke mwenza anayepaswa kutiliwa mashaka. Tulifika kwake Ijumaa, mimi na Ilunga, mfuko nikiwa nimeufunga tumboni chini ya nguo ili mtu asije akanipokonya, ingawa njia nzima tulikutana na mbuzi tu.

“Bwana yangu amekuya!” Nkambo akapiga vigelegele. “Na huyu muke mwenzangu, iko na mimba ya nini?”

“Unga, Nkambo.”

“Afazali. Unga hailie usiku.”

Kichuguu chake kilisimama nyuma ya shamba la viazi vitamu, kirefu kupita paa la nyumba. Kama hamjaviona vichuguu vya kwetu, hamtaamini. Ni vilima, si vijungu vya mchwa. Watu wanapanda maboga juu yake, watoto wanateleza kwenye ubavu wake, na udongo wake ukishakauka ni mgumu kama sementi. Mchwa wa kile cha Nkambo walikuwa wamehama zamani. Marehemu babu alikichimba ubavuni kwa jembe, akatoa shimo la duara lenye paa, ukubwa wa mtoto aliyechuchumaa, na juu akatoboa tundu la moshi. Hilo ndilo lilikuwa tanuri. Lina utaratibu wake, na Nkambo hakuruhusu mtu auruke. Kwanza unawasha kuni ndani, nyingi, mpaka kuta zilizokuwa nyeusi kwa masizi zinageuka kuwa nyeupe. Halafu unakokota makaa yote nje, unafagia sakafu kwa tawi bichi, na unatupa ndani jani la hindi. Likiwaka, ngoja. Likigeuka kahawia polepole na kujikunja, ingiza mkate. Unaziba tundu la juu kwa udongo, unaziba mlango kwa kipande cha bati, na kando ya bati unapaka udongo wa maji pande zote. Kisha unakaa chini. Hakuna saa. Ule udongo wa mlangoni ukikauka na kupasuka wenyewe, mkate umeiva.

Kukaa chini ndiko kulikonishinda.

Unga tulikuwa tumeuumua kwa machicha ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho Nkambo hakukosa kuwa nacho kwenye mtungi. Ulilala usiku kucha chini ya blanketi, karibu na miguu yetu, ukinukia uchachu mtamu. Alfajiri nilipoufunua ulikuwa umevimba na kutetemeka. Niliufinyanga ukawa duara. Duara halikunipendeza, nikalivunja na kufinyanga tena. Nkambo alikuwa akinitazama akivuta kiko.

“Muke mwenzangu, huyu mukate atazeeka mbele ya kuiva.”

Nikauachilia kwa shida. Tukauingiza ukiwa juu ya jani la kabichi, tukaziba. Nje kulikuwa na baridi ile niliyowaambia. Pumzi zetu zilitoka kama moshi wa kiko, na Ilunga alikuwa amejibanza kwenye ubavu wa kichuguu uliokuwa wa vuguvugu, amefumba macho kama paka. Mimi nilisimama mbele ya bati. Nilitega pua. Nikasikia harufu. Je, ilikuwa harufu ya kuiva au ya kuungua? Ningejuaje? Nikatia ukucha kwenye udongo wa mlangoni, upande wa kulia, nikabandua kidogo tu, nikachungulia. Giza, na joto likanipiga usoni.

“Weye!” Nkambo alisema. “Analala ule. Unamufunuaka sababu ya nini?”

“Naona kama inaungua, Nkambo.”

“Haina inaungua. Ziba.”

Nikaziba. Nikakaa. Nikasimama. Nikabandua tena, palepale, upande wa kulia. Safari hii nilisikia mkate ukitoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi, na moyo wangu ukashuka nao.

“Bwana yangu, kuya uone,” Nkambo alimwita Ilunga. “Muke mwenzangu anataka kuingia mu tanuri pamoja na mukate.”

“Akiingia tufunge mulango mbio,” Ilunga alijibu bila kufumbua macho.

Sitawaambia nilibandua mara ngapi. Mwishowe Nkambo alinishika mkono, akanikalisha kati ya magoti yake, akanifungia ndani ya shuka lake pamoja na harufu yake ya tumbaku na moshi, akanishikilia hivyo mpaka udongo ulipopasuka wenyewe kwa sauti ndogo, ta. Hapo akaniachia.

Mkate ulitoka. Upande wa kushoto ulikuwa umepanda juu, mgumu, wa rangi ya kahawia kama kiatu kipya. Upande wa kulia, ule niliokuwa nikiuchungulia, ulikuwa umeshuka, mweupe, laini, umelala kama mtu aliyechoka safari. Katikati palikuwa na ufa unaopinda. Niliuweka juu ya kinu upoe kidogo, nikageuka kutafuta kitambaa, na nilipogeuka tena kuku wa Nkambo alikuwa ameshaonja ukingo mmoja.

Ilunga aliuzunguka mkate kama mkaguzi. “Huyu amepata ajali,” alisema. “Aliruka mu gari moshi mbele isimame.” Akauzunguka tena. “Haapana. Iko sawa na kofia ya polisi, mutu munene ameikalia.”

Nkambo alicheka mpaka kiko kikamtoka. Kisha alibonyeza ule upande mweupe kwa kidole chake, akaguna kwa kuridhika. Mimi sikuona kitu cha kuridhisha. Niliona sahani ya Baba, kijiko kikining'inia hewani, na nafsi yangu ikisema neno lilelile. Niliwaza kuwapa kuku mkate wote. Lakini Mama alikuwa ametuagiza turudi mapema, kabla Baba hajafika, na Nkambo hakutaka mabishano. Aliuviringisha mkate katika kitambaa, akauviringisha tena katika kitenge chake kizito, akaniinamisha na kunifungia mgongoni, kama wanavyofungwa watoto.

“Chunga mutoto,” akasema. “Usimufunue.”

Tukashika njia ya Makomeno, upepo ukitupiga usoni. Ilunga alikuwa mbele, mabega yakiwa masikioni, boga la Nkambo likiwa kichwani. Mimi nilikuwa nyuma, nikijitayarishia aibu. Nilipanga maneno ya kumwambia Baba. Nilipanga jinsi ya kuficha mkate nyuma ya masufuria. Nilipanga hata kuugua.

Sijui ilikuwa sehemu gani ya njia. Labda pale mashamba yanapoishia na miti kuanza. Niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kupanga. Joto la mkate lilikuwa limepenya kitenge, likapenya nguo yangu, likaingia kwenye ngozi. Lilianza kiunoni, likapanda polepole uti wa mgongo wote mpaka kwenye shingo, kama mtu mpole anayeniegemea kwa nyuma bila kusema kitu. Mbele nilikuwa wa baridi, pua inavuja, vidole haviwezi kukunjika. Nyuma nilikuwa kiangazi. Harufu ya ngano na udongo wa moto ilipita juu ya bega langu kila nilipopiga hatua. Niliona nyasi nyeupe zikianza kulowa jua linapozigusa. Niliona ndege mdogo amejivimbisha kama mpira juu ya waya wa simu. Nilisikia Ilunga akipiga mluzi vibaya, na wala sikutamani kumsahihisha. Nilitembea hivyo mpaka nikaona mapaa ya kambi, nikasikitika kwamba tumefika.

Nyumbani woga ulirudi mara moja, ukiwa umepumzika vizuri. Mama aliufungua mkate, akautazama, akanitazama, akaufunika kwa kitambaa safi kana kwamba umekuwa hivyo kwa makusudi. Baba alifika saa za mchana, akanawa, akalala, akaamka. Jioni tulikaa kwenye jamvi. Mvuke wa bukari ulipanda. Mkate ulikuwa pale pembeni, chini ya kitambaa, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na kila mtu alikuwa akijifanya hauoni.

Mama alisema rundo la nguo alilolifua lilikauka lote kabla jua halijazama. Ngi! Gari imefika. Ilunga alisema alikuwa amebeba boga kutoka Kasungami bila kulishika kwa mkono. Ngi! Baba alisema kwenye mteremko mmoja breki ilikamata mara ya kwanza, bila kubishana naye. Ngi!

Kijiko kikanigeukia.

“Mamuzele Bado?” alisema Ilunga kwa upole wa uongo.

Nilikuwa na neno langu tayari. Lilikuwa kwenye ulimi. Kutazama mkate sikuweza, kwa hiyo nilitazama ukingo wa buluu wa sahani. Na hapo mgongo wangu ukakumbuka kabla yangu. Nililisikia lile joto kabisa, pale katikati ya mabega. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kile nilichokitayarisha:

“Leo mugongo yangu ilipata moto mu njia.”

Ilunga alipasuka kwa kicheko. “Hiyo haina kitu! Baba, hiyo haina kitu! Alisema mukate!”

Baba hakucheka. Aliteremsha kijiko kidogo. “Moto ya namna gani, mama?”

Nikamweleza. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajiharibia, nilieleza yote: kiuno, uti wa mgongo, shingo, mbele baridi na nyuma kiangazi, na jinsi mtu anavyoweza kutembea hivyo mbali bila kuchoka. Baba alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayeuliza njia na kuelekezwa, akitikisa kichwa mahali pa kukunja kona. Nilipomaliza aliinua tena kijiko. Kisha aliigonga sahani. Ngi! Na kabla sauti haijafa, akaigonga tena.

“Gari imefika,” alisema, na sauti yake haikuwa ya mkuu wa stesheni. Ilikuwa yake mwenyewe.

Hakuna mtu aliyewahi kugongewa mara mbili. Ilunga alidai haki yake kwa mwezi mzima. Mimi niliamini kwamba ile ya pili ilikuwa ya mkate, kwa sababu palepale Baba aliufunua, akaukata katikati ya ufa, na akachukua ule upande mweupe ulioshuka. Aliuchovya kwenye chai. Uliinywa chai yote aliyoupa. “Huu upande njo wangu,” akasema. “Ule mugumu mupe Ilunga, iko na meno.” Na wale wenye meno walitafuna kwa sauti, wakaomba tena.

Tangu siku hiyo jina la Mamuzele Bado halikufa, lakini lilipoteza makali yake, kwa sababu karibu kila jioni nilikuwa na kitu. Uwanja niliofagia, na kuku aliyetembea juu yake akaacha mstari wa nyayo ulionyooka kuliko wangu. Njia ya nywele iliyoenda kombo, na mtoto aliyelala magotini pangu nikiisuka. Na mfuko wa unga ulirudi kila Baba alipoweza kuupata. Nilioka kwa Nkambo, nikauziba mlango, nikakaa chini, au tuseme Nkambo alinikalisha. Mikate ilitoka na pande zake. Msimu wa baridi uliofuata, Baba alianza kuomba mkate siku ya kuondoka badala ya siku ya kurudi. Niliona ni ajabu kidogo, basi.

Ilichukua miaka zaidi mpaka nikaelewa. Nilikuwa msichana mkubwa tayari. Siku hiyo ya mwezi wa sita Baba aliondoka nyumbani jioni, na mkate wake, niliotoka nao kwa Nkambo muda si mrefu, ukabaki juu ya meza, umefungwa vizuri kwa kitenge, wa moto. Nilikimbia nao mpaka kwenye reli. Gari lilikuwa refu, na Baba alikuwa nyuma kabisa. Sikuwahi kuiona kazi yake kwa karibu. Siku zote nilimwazia amekaa ndani ya chumba, kama wasafiri. Nikaona pale anapokaa: kibanda cha mbao kwenye ncha ya behewa, chenye nafasi ya mtu mmoja kusimama na gurudumu la breki. Mbao za nyuma zilikuwa zimeachana, nikaona mbingu katikati yake. Mlango haukuwapo. Usiku kucha, mpaka Mokambo, upepo wote wa mwezi wa sita ulipita mle ndani.

Hakuwahi kutuambia. Aliporudi alituambia kuhusu chai isiyomwagika. Aliijua baridi ile kuliko sisi sote, na katika yote aliyoyapitia alichagua kikombe kimoja cha kutuletea nyumbani, kama anavyoleta mtu zawadi. Siku nilipomwambia habari ya mgongo wangu, hakusikia maneno ya mtoto aliyeharibu mkate. Alisikia dawa.

Nilimpa kile kifurushi. Hakukitia mfukoni wala kwenye sanduku la chakula. Alivua koti, akajifunga kitenge kifuani, mkate ukiwa mgongoni, kama mama mwenye mtoto, akavaa koti juu yake na kufunga vifungo vyote. Wenzake waliokuwa chini walikuwa wamezoea, hawakugeuza hata shingo. Kengele ya stesheni ililia. Baba akanipa mgongo, akachuchumaa kwenye ukingo wa kile kibanda mpaka nikamfikia.

“Shika, mama,” akasema.

Nikaweka kiganja juu ya koti. Ulikuwa wa moto.